Giza Lililopata Alama Zote

Eneo lile lilifaulu kipimo. Wenzangu wa klabu wanalitumia hadi leo kila giza la mwezi linapofika, na wakirudi wananisimulia waliyoyaona mpaka nawaomba tuongee mambo mengine. Mimi nilikwenda mara moja tu, siku ya kulipima. Alama za giza nilizitoa mwenyewe, nikalipatia zote, kisha nikasema sirudi.

Klabu yenyewe, tukiiita klabu, ni watu watatu wa mjini Shinyanga wenye darubini moja. Kuna mzee aliyestaafu upimaji wa ardhi kwenye mgodi wa almasi kule Mwadui. Darubini ni yake na gari ni lake, kwa hiyo na uamuzi ni wake. Kuna mfamasia, mwanamke wa makamo mwenye duka la dawa, anayependa nyota kwa sababu, anasema, hazimwelezi magonjwa yao. Na kuna mimi, mwalimu wa fizikia wa sekondari, mwenye ualbino. Hilo nalitaja mapema kwa sababu kila ninayekutana naye hulitaja mapema, hata asipofungua mdomo.

Macho yangu hayatulii. Yanachezacheza kushoto na kulia hata nikiyakaripia, na mbali hayafiki. Nyota ndogondogo ambazo wenzangu wanaonyeshana kwa kidole, kwangu hazipo. Kilimia, kile kikundi cha nyota ambacho bibi zetu walikitazama wajue msimu wa kulima, mimi nakiona kama doa la maziwa kwenye kanga. Lakini Njia Nyeupe, ule ukanda unaokata anga kutoka upande mmoja hadi mwingine, ni kitu kipana, na kitu kipana nakiona bila kuongozwa na mtu. Sharti lake ni moja tu, giza liwe giza kweli. Taa ya duka ikiwaka kwa mbali, ukanda wangu umekwisha. Mwenye macho mazima anaweza kuvumilia giza la nusunusu, akaambulia chochote. Mimi nikikosa giza kamili nimekosa anga nzima.

Na mtu kama mimi akitafuta giza kamili katika mikoa hii ya dhahabu, watu wenye akili zao humuuliza kama yuko sawa. Huku ndiko waganga walikowaaminisha watu kwamba kiungo cha mwenye ualbino kikifukiwa kwenye duara, yaani shimo la mchimbaji, dhahabu itajileta yenyewe. Watoto wakauawa kwa upuuzi huo. Sitaeleza zaidi, anayejua anajua. Mtaani bado wapo vijana wanaonitupia neno "dili" nikipita, kana kwamba mimi ni bidhaa ya kuuzwa, wanachekeana, nami huwarudishia maneno ya kuwaharibia siku nzima. Nilijifunza zamani kwamba ukinyamaza wanadhani umekubali.

Nilikulia bwenini, ndani ya ukuta mrefu wenye seng'enge juu yake. Mama alinipeleka pale nikiwa sijaanza hata kung'oa meno ya utoto, akaniacha getini na kopo la losheni ya jua na kofia kubwa kuliko kichwa changu. Taa za ulinzi ziliwashwa jua linapozama na kuzimwa kumekucha. Mwanga hutuumiza macho sisi, kwa hiyo tulilala tumejifunga vitenge usoni, bweni zima, kama maiti. Sizilaumu taa zile. Niko hai, na baadhi ya watoto waliobaki vijijini kwao hawapo. Ila sikujua kwamba usiku una rangi nyingine.

Nilijua siku umeme ulipokatika na jenereta likagoma. Tulikuwa uwanjani, tumetoka kula. Wenzangu walipiga kelele, walinzi wakawa wanakimbia huku na huku wanatuita tuingie ndani, matroni analia kuliko watoto. Mimi nilisimama pale pale nikatazama juu. Sikujua ninachokiona ni nini. Nilidhani ni moshi, halafu nikaona moshi hausogei. Mlinzi alinibeba mgongoni kunipeleka ndani na mimi bado nimegeuza shingo. Jenereta likawaka, nikafungwa kitenge usoni, na sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Kwa hiyo mzee aliposema tutafute eneo jipya, mwenye haja alikuwa mimi, si yeye. Mahali tulipokuwa tunakwenda mwanzoni, mashamba ya Samuye, mwanga wa mji ulikuwa umeshatufuata. Upande wa Mwadui mgodi hauzimi taa zake, na mzee hakutaka kusikia nikiusema vibaya. Ndipo akasikia habari za sehemu moja ng'ambo ya Runzewe, kwenye ngitili, ule uwanda wa malisho ambao wafugaji huufunga nyasi zikue na kuufungulia ng'ombe wakati wa kiangazi kikali. Hakuna anayejenga ndani ya ngitili. Alikwenda peke yake mchana, akarudi anang'aa.

"Mwalimu, nimepata," aliniambia. "Upeo wa macho uko wazi pande zote. Kuna ua wa minyaa unaokinga upepo na taa za barabarani. Na ardhi! Ngumu, tambarare, kama sakafu ya kanisa. Miguu ya darubini haitatikisika."

"Na usalama?"

"Fisi hamna. Nyoka wa kawaida tu."

Nilicheka mpaka akachukia. Katika vipimo vyake vyote, usalama ni fisi, nyoka na ng'ombe waliokata kamba. Hakuwa na ubaya. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mzee yule ni wa kuambiwa.

Mama nilimwambia nakwenda semina Kahama. Kila jioni hunipigia simu aulize jambo moja, "Taa ya nje umewasha?" Nafundisha watoto wa watu sekondari na bado naulizwa. Siku ile nilimjibu nimewasha, nikiwa kwenye kiti cha nyuma cha gari la mzee, tumeipita Kahama kitambo.

Tulifika jua likiwa limelegea. Mzee ana desturi moja ambayo hata ukimchapa haachi. Lazima ajitambulishe kwa mwenyekiti wa kitongoji kabla hajashusha hata skrubu moja. Watu wasiojulikana wakionekana porini gizani na mitambo, anasema, sungusungu, walinzi wa jadi, hawataulizia vitambulisho. Ni kweli. Lakini mimi kujitambulisha kwangu ni jambo lingine. Nikijulikana nipo, nalindwa. Nikijulikana nipo, natafutwa pia. Nilibishana naye kuanzia njia panda ya Runzewe hadi mlangoni kwa mwenyekiti, na hapo nikanyamaza kwa sababu ya adabu tu.

Mwenyekiti alikuwa mtu mnene wa sauti ya upole, amekaa nje anatengeneza jembe la ng'ombe. Mzee alimwamkia "Mwadila," naye akaitika kwa Kisukuma kirefu. Nikamwambia shikamoo. Akaitika marahaba, halafu akanitazama kwa namna ninayoijua, nikajiandaa kukasirika. Lakini haikuwa ile ninayoijua. Alitazama kama mtu aliyeona gari la wagonjwa likipunguza mwendo mbele ya nyumba yake.

"Wapi mnasema?"

"Pale kwenye minyaa," mzee akajibu. "Ndani ya ngitili."

"Pale." Akaliweka jembe chini. "Kuna sehemu nyingi za wazi hapa, mzee wangu. Kwa nini pale?"

Mzee akamweleza habari za upepo, upeo, ardhi tambarare. Mwenyekiti alisikiliza hadi mwisho, kisha akanigeukia mimi, si yeye.

"Mwalimu, mimi sikukatazi. Nchi ni yetu sote. Lakini wewe hutakaa pale bila watu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka."

Sikumuuliza nani aliumwa. Nilidhani najua. Katika vijiji hivi msemo huo una maana moja tu ukiambiwa mtu kama mimi, na nilikuwa nimechoka kuwa sababu ya watu kukumbuka mauaji. Nikasema asante, wabeja, tukaenda kupanga vyombo wakati bado kuna mwanga.

Mzee hakuwa ametia chumvi. Minyaa ilikuwa imekuwa mirefu na kufungamana kuzunguka uwanja, na pengo moja tu upande wa machweo, pana kiasi cha kupitisha ng'ombe. Ndani, ardhi ilikuwa ngumu kweli. Nyasi za ngitili zilifika kiunoni nje ya ua, lakini pale ndani ziliota kwa shida, vishungi vishungi. Mfamasia akapata mawe matatu yaliyokaa pamoja, akakalia moja akaanza kumenya chungwa. Tulifunga darubini. Jua likazama, baridi ya Julai ikaanza kushuka. Nilivua kofia, nikavua miwani ya giza, nikakunja mikono ya shati. Hiyo ndiyo saa ya siku ninayojisikia mtu. Hewa inagusa mikono yangu na hakuna kinachoungua.

Nje ya ua giza lilikuwa linaingia vizuri, giza zito, bila hata doa la mji upande wowote. Nilijua kwamba nikipewa muda, macho yangu yakizoea, nitaiona Njia Nyeupe.

Ndipo wakaja. Tuliwasikia kwanza, kisha tukaona mwanga unapita katikati ya minyaa. Sungusungu wa kitongoji, wanaume watu wazima, wengine na mikuki, wengine na fimbo, na karibu wote wamevaa taa za kichwani, zile za wachimbaji. Mwenyekiti alikuwa mbele. Walituamkia vizuri, wakatuzunguka, wakageuka kutazama nje ya ua, halafu kila mara mmoja akageuka kututazama sisi, na akigeuka taa nayo inageuka. Wengine wawili walianza kukusanya kuni.

"Moto wa nini?" nikauliza.

"Wa kukulinda, mwalimu," mwenyekiti akasema kwa fahari.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Nimesafiri mikoa miwili kutoroka taa za ulinzi, nazo zimenifuata kwa miguu. Uwanja mzima ulijaa mwanga wa taa, macho yakaniuma, nikavaa tena miwani. Mfamasia alianza kucheka, akaniona uso, akaacha. Nilikuwa na hasira ya kumtafuna mtu, na sikuwa na wa kumtafuna, kwa sababu kila mmoja pale alikuwa ameacha chakula chake nyumbani kuja kusimama kwenye baridi kwa ajili yangu.

Mzee alimwendea mwenyekiti akamweleza kwa adabu. Kazi tuliyoifuata inataka giza. Walinzi wabaki, tena tunashukuru, ila taa zizimwe na moto usiwashwe, hata kwa muda mfupi. Mwenyekiti alifikiri sana. Alinitazama mimi, akatazama pengo la minyaa.

"Muda mfupi," akasema, kisha akatoa amri kwa Kisukuma.

Taa zikazimika moja moja kuzunguka ua. Ikabaki moja, pale kwenye pengo. Haikuwa ya kichwani, ilikuwa tochi ya mkononi, ya zamani, ile ndefu ya bati. Mwenyekiti akaita. Tochi haikuzimika. Akaita tena, kwa ukali, na wanaume wengine wakakohoa kama watu wanaojua jambo. Mwenye tochi akaendelea kumulika nje ya pengo.

Nilimwendea mwenyewe. Hasira yangu ilikuwa imepata mtu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, ng'wana wane."

Alikuwa ameniita mwanangu, kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini, nami sikulipokea neno hilo.

"Wenzako wote wamezima. Hii yako inatuharibia kazi tuliyoifuata kutoka Shinyanga."

Aliiteremsha ikamulika miguu yetu. Alikuwa mwembamba, kapita umri wa kati, koti limemzidi mabega.

"Wakasirike tu," akasema. "Mimi sizimi."

"Kwa nini?"

Aliigeuza tochi mkononi. "Siku ile niliizima. Ni hii hii. Nilisema niokoe betri." Akanyoosha mkono ulioshika tochi, mwanga ukavuka uwanja, ukasimama kwenye miguu ya darubini yetu. "Mlango ulikuwa pale. Mwanangu alikuwa wa kike. Mweupe, kama wewe."

Niligeuka. Nikauona uwanja ambao mzee aliusifia, ule ugumu wake, na nikajua kuna mwanamke aliyeufagia kila asubuhi kwa miaka mpaka nyasi zikakata tamaa. Nikajua ua wa minyaa ulipandwa na nani na kwa nini, na kwamba pengo la kupitisha ng'ombe lilikuwa lango lao. Mfamasia alikuwa bado amekalia figa la jikoni kwao, maganda ya chungwa miguuni. Kila kitu tulichokipa alama kilikuwa nyumba ya mtu huyu.

"Pole, baba," nikasema. Neno dogo, lakini Kiswahili hakina jingine.

"Tulihamia kule katikati, karibu na zahanati. Kuna taa." Akavuta kamasi. "Mnatazama nini huko juu?"

Nikamwambia. Nilimwambia habari za ukanda mweupe, na kwamba wengine wanaona vingi lakini mimi naona huo tu, na huo siuoni penye taa. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Yeye naye alipenda nje jua likizama," akasema. "Mchana alishinda ndani, jua lilimla ngozi. Jioni ndiyo ilikuwa mchana wake. Mama yake akimwita aingie, anasema bado kidogo."

Nilimwambia basi, asizime, sisi tutafungasha. Nilimaanisha. Nilikuwa nimeshageuka niwaite wenzangu, aliponiambia, "Nipe mkono."

Nilimpa. Akanishika kifundo cha mkono, akakizungushia vidole vyake vyote, akaniweka karibu na bega lake. Kisha kwa mkono mwingine akazima tochi.

Sijawahi kuwa katika giza kama lile. Mwanzoni halikuwa na kitu, weusi mtupu na harufu ya minyaa. Kisha ukanda ukaanza kujitokeza, hafifu, kama moshi wa jiko la jirani, ukazidi, ukazidi, mpaka ukatoka juu ya ua upande mmoja, ukapita juu ya vichwa vyetu, ukateremka nyuma ya ua upande wa pili. Niliuona wote. Hakuna aliyeninyooshea kidole. Ulikuwa ni ule ule wa siku ya jenereta, haukuwa umesogea. Nililia, na sioni sababu ya kuficha.

Yeye hakutazama juu. Nilijua kwa pumzi zake, zilikuwa zimeelekea kwenye pengo.

"Upo?" akaniuliza.

"Nipo."

Kila nilipojibu alizidi kunibana mkono. Nilihisi mifupa yangu inakutana.

"Upo?"

"Nipo, baba."

Kuzunguka ua hakuna aliyekohoa. Macho yangu yalikuwa bado yanafunguka, na najua yangepewa muda zaidi yangeona zaidi, kwa sababu ndivyo macho yalivyo, hata haya yangu. Huenda ningeona ile mikanda ya giza ambayo mzee husema inapita katikati ya ule mweupe, ambayo sijawahi kuiona na sitaiona.

"Upo?"

"Nipo."

"Umeshaona?"

"Nimeona, baba," nikamwambia. "Washa."

Akawasha. Hakuimulika chini, wala kwenye pengo. Alinimulika mimi usoni, akanitazama paji, akanitazama macho, mdomo, akarudi kwenye macho, taratibu, bila kuniachia mkono. Mwanga wa tochi hunichoma kama pilipili. Sikufumba.